Chumba Namba Nne, Ruwi

Kiswahili changu ni cha jikoni.
Nimekirithi kwa mama, aliyerudi Maskati kutoka Bujumbura
na sufuria mbili na lugha moja.
Hakunifundisha namna ya kumwambia mtu
damu yake imekataliwa.

Ndiyo kazi waliyonipa hapa.
Daktari wa Kerala ana Kiingereza chake, karatasi ina Kiarabu chake,
na mimi katikati, kifuu kwenye mbuzi,
nakunwa.

Mejumaa Ndaro, wa Msambweni.
Miaka minne nyumba moja, Al-Hail,
amelea pacha wa watu mpaka wakajua kusema uji
kabla hawajajua kusema umm.
Alikuja kufanya upya ukaazi tu.
Abaya ya kuazima, plasta kwenye kiwiko
imekwisha kukunjamana.

Nikasema, "Dada, kipimo kimeonyesha..."
nikakwama.
Nilikuwa na maneno matatu.
La mama, sida, alilolinong'ona siku ya mjomba Zahran,
tuliyemzika Sib, waoshaji na glavu mbilimbili,
matanga yakavunjwa kabla kahawa haijapoa.
La Kiarabu, limeshapigwa muhuri.
Na la kwake yeye, ukimwi,
ambalo sijapata kulitamka mbele ya mtu anayenitazama.

Akalisema mwenyewe. Akanipunguzia.

Kisha hakulia. Alihesabu.
"Riali themanini.
Ishirini za wakala, bado namlipa, mwaka wa nne huu.
Thelathini watoto wa marehemu dada,
watatu, mkubwa yuko kidato cha tatu.
(Dada naye tulisema kifua. Mume wangu, kifua.
Ukoo mzima wa vifua.)
Kumi mama, sukari yake na ile miguu.
Kumi na tano mabati,
nimelipia nusu, yako dukani Ukunda, yana jina langu kwa chaki.
Tano zangu. Vocha."
Akanyamaza. "Leo tarehe ngapi?"
Kumi na tisa.
"Mshahara hutoka thelathini."
Nikamtafsiria daktari. Daktari akatazama saa.

"Kaka, maradhi haya hayaniui.
Kwetu dawa zipo, bure,
foleni ile nusu yake nawajua kwa majina.
Shoga yangu Nimwaka anakunywa mwaka wa kumi na moja
na kwa ndoo ya maji bado ananishinda.
Kitakachotuua sisi ni hiyo ndege."

Hilo sikulitafsiri.

Akasimama, akajifunga mtandio upya, akarudi hatua moja.
"Wao wanaliitaje? Kiarabu chake?
Nijue wakinisema mbele yangu."
Nikamwambia.
Akalirudia mara mbili, polepole, akalishika sawasawa,
kama alivyoshika mkate, pasi, haraka, nyamaza.

Namba iliyofuata ilikuwa ya Mbangali. Hakunihitaji.
Nikakaa na Kiswahili changu mdomoni
kama kidonge kisicho na maji.

Yaliyobaki nilisimuliwa na dereva wao, Mpemba mwenye maneno mengi,
wiki mbili baadaye, kwenye foleni ya mkate.
Godoro lilichomwa nyuma ya ukuta.
Vikombe vikavunjwa, hata vile vya wageni
ambavyo yaya alikuwa akivifuta tu, hajavinywea.
Chumba chake kikapakwa chokaa mara mbili.
Bibi mwenye nyumba akawapima watoto Ruwi, akawapima tena Dubai,
wako salama, wangekosaje kuwa salama,
akalipa kwa vipimo hivyo
zaidi ya mabati yote ya Ukunda.
Jina Mejumaa halitajwi.
Lakini alfajiri, dereva anasema,
pacha huamka pamoja, hulia uji, uji,
na nyumba nzima, pamoja na yule mgeni aliyeletwa kutoka Manila,
hakuna anayejua unapikwaje.